MIRATHI YA WAJUKUU WALIOFIWA NA BABA YAO KABLA YA BABU

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Kila sifa njema ni yake Yeye aliyeigawa mirathi kwa uadilifu wake, wala hakumwachia mfalme wala mzee wa ukoo kuigawa apendavyo. Na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Jua, ewe ndugu Mwislamu, ya kuwa katika mas'ala ya mirathi yaletayo ugomvi mwingi na machozi mengi ni hili: mtu amefiwa na mwanawe, na mwana yule ameacha watoto, kisha babu naye akafa. Je, wale wajukuu wana haki gani katika mali ya babu yao? Wengine husema, Hawana kitu kabisa, wakawafukuza. Wengine husema, Wasimame mahali pa baba yao, wakawapa kisicho chao kwa jina la Sharia. Na makundi yote mawili yamekosa, kwa kuwa la kwanza limechukua nusu ya elimu likaacha nusu, na la pili halikuchukua kitu.

SURA YA MAS'ALA

Mtu wa pwani alihamia Bariadi kwa biashara. Bariadi ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, mkoa uliofanywa mwaka 2012 kwa kukatwa katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza; ni nchi ya pamba na ng'ombe, mashariki ya Ziwa Viktoria, na wenyeji wake wengi ni Wasukuma. Mtu huyu alifungua duka, akanunua ng'ombe, akazaa wana wawili, Bakari na Amri, na binti mmoja. Bakari alikuwa mkono wa kuume wa baba yake: akikaa dukani, akisimamia ng'ombe, na yeye mwenyewe akinunua ng'ombe zake kwa jasho lake. Akaoa mke wa Kisukuma aliyesilimu, kwa nikaha sahihi, akazaa naye mtoto mwanamume na mtoto mwanamke. Kisha Bakari akafa. Mama yake Bakari alikuwa amekwisha kufa zamani. Baada ya miaka mitatu babu akafa, akaacha Amri, na binti, na wale mayatima wawili.

Majina haya ni ya mfano tu, kama ilivyo ada ya vitabu vya fiqhi; lakini jambo lenyewe hutokea bara na pwani. Amri akisimama siku ya tatu ya matanga na kusema, Mjukuu harithi na mwana yupo, basi maneno yake ni kweli. Lakini je, kweli hiyo yatosha? Hapa ndipo penye kutazamwa.

FASILI YA KWANZA: MALI YA BAKARI NI YA NANI?

Jambo la kwanza, kabla ya kuuliza wajukuu wapata nini katika mali ya babu, ni kuuliza ipo wapi mali ya baba yao. Kwani Bakari alipokufa alikuwa na mali yake mwenyewe, na mali hiyo haikurudi kwa babu yote, wala haikuingia dukani ikayeyuka. Ilirithiwa saa ile ile aliyokata roho, ingawa hapana aliyekaa kuigawa.

Chukulia kuwa Bakari aliacha ng'ombe 72, baada ya kutolewa gharama za maziko na kulipwa madeni yake. Warithi wake ni mke, na baba, na mwana mwanamume, na mwana mwanamke. Mke apata thumni, kwa kuwa yuko mtoto: ni ng'ombe 9. Baba apata sudusi, kwa kuwa yuko mwana mwanamume: ni ng'ombe 12. Wamebaki 51, hawa ni wa watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke sehemu moja: mwana apata 34, na binti apata 17. Jumla ni 72, wala hapana kilichopungua.

Basi katika ng'ombe 72 za Bakari, babu hana ila 12. Sitini ni za mjane na mayatima. Babu akizichunga pamoja na zake kwa miaka mitatu, amezichunga kwa amana. Na ndama waliozaliwa humo ni mali ya wenye ng'ombe. Babu akifa na ng'ombe zote zimo katika zizi moja, haijuzu kwa Amri kulihesabu zizi zima akasema, Hii ndiyo tirka ya baba. Kwanza atatoa amana ya mayatima na fungu la mjane, ndipo kitakachobaki kiitwe mali ya marehemu.

Na hii ndiyo dhuluma iliyo kubwa kuliko zote katika mas'ala haya, nayo haionekani kwa kuwa hujificha nyuma ya neno la haki. Mtu husema, Mjukuu harithi, naye chini ya neno hilo ameimeza mali ambayo mjukuu amekwisha kuirithi kwa baba yake zamani. Katika sura ya An-Nisaa, aya ya 10, Mwenyezi Mungu amewaonya walao mali ya mayatima kwa dhuluma kuwa walacho ni moto matumboni mwao. Hapana onyo zito kuliko hilo.

Tena jua ya kuwa katika madhehebu ya Imamu Shafi mwenye kusimamia mali ya mtoto mdogo ni baba, na asipokuwapo ni babu mzaa baba, na asipokuwapo ni yule aliyewekwa kwa wasia, kisha ni kadhi. Ami si msimamizi kwa uami wake tu. Akitaka kushika mali ya watoto wa nduguye, sharti awe amewekwa.

FASILI YA PILI: MJUKUU NA AMI

Sasa yaja mali ya babu mwenyewe. Sharti za kurithi ni tatu: kuhakikika kufa kwa mrithiwa, kuhakikika uhai wa mrithi wakati wa kufa kwake, na kujulikana sababu inayowaunganisha, nayo ni nasaba au nikaha, na zamani uhuru wa mtumwa. Bakari hakuwa hai siku aliyokufa baba yake. Basi Bakari hakurithi kitu, na asiyerithi hana cha kurithisha. Wanawe wakirithi, watarithi kwa nafsi zao, kwa kuwa ni wajukuu, si kwa kuwakilisha maiti.

Na mjukuu, mtoto wa mwana mwanamume, ni mrithi bila shaka. Illa huzuiwa na mwana wa kiume aliye hai, akiwa ni baba yake au ni ami yake. Hayo ndiyo aliyoyafundisha sahaba Zaidi bin Thabiti, aliyesifiwa kwa elimu ya faradhi, na Imamu Bukhari ameyapokea katika kitabu chake. Asili yake ni hadithi ya Ibn Abbasi, kuwa wenye mafungu wapewe mafungu yao, na kinachobaki ni cha mwanamume aliye karibu zaidi. Na mwana yu karibu kuliko mjukuu.

Basi babu akiwa ameacha ng'ombe 90 zilizo zake hasa, wala hakuusia kitu, Amri atapata 60 na dada yake 30. Mayatima wa Bakari hawana fungu humo.

Lakini angalia usije ukaichukua hukumu hii mahali pasipo pake. Babu akiwa hana mwana mwanamume aliye hai, wajukuu wa mwana hurithi. Akiacha binti mmoja na mjukuu mwanamume wa mwanawe, binti ana nusu na mjukuu ana nusu iliyobaki. Akiacha binti mmoja, na mjukuu mwanamke wa mwanawe, na dada, basi binti ana nusu, mjukuu ana sudusi, na dada ana kilichobaki. Ndivyo alivyohukumu Ibn Masudi, akinasibisha hukumu hiyo kwa Mtume. Akiacha mabinti wawili na mjukuu mwanamke peke yake, mabinti huchukua theluthi mbili na mjukuu hana kitu. Lakini akiwa na nduguye mwanamume, wao wawili hugawana theluthi iliyobaki, mwanamume sehemu mbili na mwanamke sehemu moja. Basi asemaye, Wajukuu hawarithi, bila ya kuuliza nani yu hai na nani amekufa, huyo si mwanachuoni. Ni mtu mwenye haraka ya mali.

FASILI YA TATU: ALIYEKUFA KABLA, ALIYEKUFA BAADA, NA WALIOKUFA PAMOJA

Wengi huchanganya mtu aliyekufa kabla ya mrithiwa na mtu aliyekufa kabla ya mali kugawanywa, na tofauti yao ni kama ya usiku na mchana. Bakari angalikufa saa moja baada ya baba yake, angalikuwa amekwisha kurithi, na fungu lake lingalikwenda kwa mkewe na wanawe, hatta kama mali haijagawanywa kwa miaka ishirini. Na hili latokea sana, kwa kuwa watu huacha mali ya mzee bila kugawa, nyumba ikakaa, ng'ombe wakakaa, mrithi mmoja akafa na wa pili akafa. Kisha mzee wa ukoo akasema, Waliokufa hawana haki. Huo ni uwongo. Kila aliyekuwa hai siku ile ana haki yake, na warithi wake huichukua. Wanavyuoni huliita jambo hili munasakha. Kwa hiyo tarehe ya kifo iandikwe, kwa siku na kwa saa, kwani saa moja hupeleka mali huku au kule.

Ama waliokufa pamoja, isijulikane nani aliyetangulia, kama waliozama au walioangukiwa na nyumba, hao hawarithiani. Mali ya kila mmoja huenda kwa warithi wake walio hai. Watu wa Ziwa wanaijua habari ya meli ya MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, na watu wa visiwani wanaijua ya MV Spice Islander iliyozama kati ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Mamia walikufa katika kila moja. Katika misiba kama hiyo, baba na mwana wakifa pamoja, mwana huhesabiwa katika mirathi ya baba kama kwamba hakuwako, na wajukuu hutazamwa kwa nafsi zao kama ilivyotangulia.

FASILI YA NNE: MLANGO WA WASIA

Sasa huenda mtu akauliza: Je, Sharia iliyohimiza huruma kwa yatima yaridhika mayatima hawa watoke mikono mitupu? Jawabu ni kuwa Sharia haikuwaacha. Imempa babu mlango na ufunguo, ikampa na muda. Aliyewaacha ni babu.

Fikiri hali yao. Babu alipokuwa hai, nafaka ya wajukuu wasio na baba wala mali ilikuwa juu yake; hiyo ni wajibu katika madhehebu ya Imamu Shafi. Siku anayokufa, wajibu ule wakatika, wala haumwangukii ami katika madhehebu haya. Basi yatima hupoteza kwa siku moja mlishi na matumaini. Naye babu alilijua jambo hilo tangu siku alipomzika Bakari. Alikuwa na miaka mitatu ya kuandika karatasi moja.

Mwenye mali ana ruhusa ya kuusia hatta theluthi ya mali yake kwa asiyekuwa mrithi. Mrithi hausiwi, ila warithi wenzake wakiridhia. Na mjukuu aliyezuiwa na ami yake si mrithi, basi wasia kwake wajuzu. Kipimo cha theluthi kimetoka katika hadithi ya Saad bin Abi Wakkas, alipougua Makka akataka kuusia theluthi mbili, kisha nusu, na Mtume akamzuia hatta akafika theluthi, naye akasema kuwa hiyo nayo ni nyingi. Na katika hadithi ya Ibn Umar, Mwislamu mwenye kitu cha kuusia hapasiwi kulala siku mbili ila wasia wake umeandikwa.

Rudi katika mfano. Babu ana ng'ombe 90. Akiusia theluthi kwa wana wa Bakari, wao watapata 30. Zitabaki 60: Amri 40, na dada yake 20. Lau Bakari angalikuwa hai, kila mwana mwanamume angalipata 36 na binti 18. Basi theluthi haikufika fungu la baba yao, lakini imelikaribia sana. Na Amri na dada yake wakitaka kuzitimiza 36, sita zilizozidi ni kwa ridhaa yao baada ya baba kufa, wala hawalazimishwi. Tazama jinsi hukumu hii ilivyo na insafu: mrithi hakunyang'anywa, na yatima hakutupwa.

Katika kuusia yako mambo ya kuchungwa. La kwanza, wasia kwa watu wawili bila kupambanua hugawanywa sawasawa, mwanamume na mwanamke. Akitaka iwe kama mirathi, aseme. La pili, aliyeusiwa akifa kabla ya aliyeusia, wasia umebatilika wala hauwafikii wanawe. Kwa hiyo mzee aliyemwandikia mjukuu wake kisha mjukuu akafa, aandike upya. Akifa baada ya aliyeusia, hajakubali bado, warithi wake husimama mahali pake. La tatu, mwenye kuusia aweza kurejea maadamu yu hai. La nne, akitaka kutoa hiba badala ya wasia, sharti ikabidhiwe katika uhai wake. Ng'ombe aliyetajwa kwa ulimi na akabaki katika milki ya babu si hiba iliyotimia. Na hiba iliyotolewa katika maradhi ya mauti hupimwa kwa theluthi kama wasia.

Katika nchi nyingine watawala waliona ya kuwa mababu wameghafilika, wakaingia kati. Misri, kwa sheria nambari 71 ya mwaka 1946, iliufanya wasia huu kuwa wa lazima: babu asipousia, kadhi huwapa wajukuu fungu ambalo mzazi wao angalilipata, lisizidi theluthi. Walijitegemeza katika aya ya 180 ya sura ya Al-Bakara, na kauli ya Ibn Hazmi kuwa ni wajibu kuwausia jamaa wasiorithi. Sham, Tunis na Maghribi zikafuata kwa namna zake. Pakistani, mwaka 1961, ilipita mbali zaidi ikawaweka wajukuu mahali pa mzazi wao kabisa, na wanavyuoni wengi wakaikataa. Lakini jamhuri ya wanavyuoni wa madhehebu manne husema wasia huu ni sunna, si wajibu. Na Tanzania Bara haina sheria ya kumlazimisha maiti kuusia alichokiacha. Basi mkaaji wa Bariadi asingojee kadhi amwandikie. Asipoandika mwenyewe, hapana atakayemwandikia.

FASILI YA TANO: MILA YA NCHI NA MAHAKAMA

Mwislamu aliye bara yuko baina ya sheria mbili. Mahakama ya Mwanzo ina mamlaka ya kusikiliza mirathi inayohukumiwa kwa mila au kwa Sharia ya Kiislamu. Na yanapotokea magomvi, hutazamwa mwenendo wa maisha ya marehemu. Asiyeonyesha wazi aliishi kwa sheria gani amewaachia warithi wake mabishano.

Nayo mila ina hukumu zake. Kanuni za urithi za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963, kwa Tangazo nambari 436, humpa mwana mkubwa wa kiume sehemu kubwa, na binti sehemu ndogo, na mjane hazimpi urithi akiwapo jamaa wa ukoo wa mumewe. Hutazamiwa alelewe na watoto wake. Mwaka 2005 wajane wawili wa Mkoa wa Shinyanga, ambao siku hizo ndio uliokuwa na wilaya ya Bariadi, waliokuwa wameondolewa na jamaa za waume zao katika nyumba zao, walizipeleka kanuni hizo Mahakama Kuu. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kuwa zinawabagua wanawake, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikakata kuwa wajane wale walivunjiwa haki zao. Katika Sharia mjane ana thumni au robo iliyotajwa katika Kurani, wala hapana ukoo uwezao kuiondoa. Mwislamu akikimbilia mila ili ampokonye mke wa nduguye thumni yake, ameuza kilicho juu kwa kilicho chini.

Tena iko hoja nyingine isikikayo. Kwa mila ya zamani ya Wasukuma, ng'ombe za mahari zisipotolewa, watoto huhesabiwa ni wa ukoo wa mama. Ami akisema, Mahari ya mama yenu haikwisha, ninyi si wetu, ajibiwe kuwa nasaba katika Uislamu husimama kwa nikaha sahihi. Mahari yasiyolipwa ni deni juu ya mali ya mume, nalo hulipwa kabla ya mirathi. Halivunji nasaba ya mtoto.

MASUALI NA MAJAWABU

Suali: Mjukuu akiwa si Mwislamu, kwa kuwa amelelewa kwa wajomba zake, je, aweza kuusiwa? Jawabu: Mirathi haimfikii, kwa khitilafu ya dini, lakini wasia kwake wajuzu ndani ya theluthi.

Suali: Na watoto wa binti aliyekufa? Jawabu: Hao ni katika dhawil arhami, hawarithi pamoja na wana, basi haja yao ya wasia ni sawa na ya wenzao au ni kubwa zaidi.

Suali: Babu amekwisha kufa bila wasia. Warithi wafanye nini? Jawabu: Mwenyezi Mungu, katika aya ya 8 ya sura ya An-Nisaa, ameamrisha kuwa jamaa wasiorithi na mayatima na masikini wakihudhuria mgawanyo wapewe kitu, na waambiwe maneno mema. Na aya ya 9 yawakumbusha watu wawaogopee mayatima wa wenzao kama wangaliwaogopea wana wao wenyewe. Amri akitoa ng'ombe katika fungu lake, ametenda wema mkubwa. Akitoa katika fungu la dada yake bila ridhaa yake, amedhulumu.

KHATIMA

Basi, ewe ndugu uliyefiwa na mwanao, naye ameacha watoto: fanya mambo manne kabla ya kupita siku mbili. Tenga mali ya marehemu mwanao na yako, uiandike kwa idadi. Mpe mjane thumni yake. Weka msimamizi wa mali ya mayatima mbele ya mashahidi. Kisha uandike wasia wako, utaje majina ya wajukuu, utaje theluthi au chini yake, utaje kuwa mali yako igawanywe kwa Sharia ya Kiislamu, na washuhudie watu wawili waadilifu. Karatasi ile usiifungie sandukuni mwako. Mpe mtu mwaminifu nakala.

Kwani mtoto atakayesimama nje ya zizi siku ya kugawa ng'ombe hataijua fasili hii wala ile. Atajua jambo moja tu: kwamba babu yake alimkumbuka, au alimsahau.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.